Mwadhama Katika Nyumba ya Wazee

Kardinali Maurice Michael Otunga alizikwa mara mbili. Septemba 2003 alilazwa katika makaburi ya wamisionari ya Mtakatifu Austin, Msongari, jijini Nairobi, mahali alipotaka mwenyewe. Mwaka 2005 akafukuliwa na kupelekwa Bustani ya Ufufuko kule Karen, mahali walipotaka wengine. Nia haikuwa mbaya: waumini walihitaji pa kumzuru na kusali. Lakini wazee wa Kibukusu walikasirika, kwa kuwa kwao aliyekwisha kufunikwa hafunuliwi.

Kenya ni nchi inayojua kugombania maiti. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1987 anakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, mjane upande huu, ukoo wa Umira Kager upande ule, na nchi nzima ikisikiliza kama mchezo wa redio. Kisa cha Otunga ni cha namna nyingine. Hapa hakukuwa na mjane wala shamba la urithi. Aliyeshindwa ni marehemu mwenyewe, na alishindwa na watu waliompenda. Aliomba kulala kwenye safu pamoja na mapadre wa kigeni waliofika Msongari tangu 1899, wakalima kahawa, wakabatiza, wakafa kwa homa na uzee. Sisi tukamtoa kwenye safu ili tumheshimu vizuri zaidi.

Naandika haya kwa sababu nadhani ndani ya kosa hilo dogo, lililofanywa kwa moyo safi, mna shida kubwa tuliyo nayo Waafrika wa Mashariki na viongozi wetu wa dini. Hatujui kumheshimu mtu aliyetaka kuwa wa kawaida. Tukikutana naye tunampandisha jukwaani kwanza, ndipo tunaanza kumsikiliza.

Alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, katika nchi ya Wabukusu ambayo leo ni kaunti ya Bungoma. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mkubwa wa enzi za Waingereza, mwenye wake wengi na boma pana. Inasimuliwa kwamba ukoo ulimwona Otunga kuwa mrithi anayefaa, naye akakataa kwa sababu alikuwa tayari amekwisha kuchagua seminari. Simulizi za namna hii hupambwa kadiri zinavyozeeka, na watu wa kanisa ni mafundi wa kupamba. Hata hivyo kiini chake kinaaminika. Mtoto wa chifu alikwenda kusoma falsafa Gaba, Uganda, kisha Roma, akapewa upadre huko mwezi Oktoba 1950. Boma la baba likabaki bila yeye.

Tarehe moja ya maisha yake hainitoki akilini. Februari 18, 1957, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti. Wiki moja baadaye, Februari 25, Otunga aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, akiwa na miaka 34. Katika nchi iliyokuwa bado chini ya Hali ya Hatari, Mwafrika mmoja alitiwa kitanzi na mwingine akavikwa kofia ya uaskofu, na mapadre Wazungu wa shirika la Mill Hill wakapaswa kupiga goti mbele yake na kubusu pete. Sijui mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kuziweka siku hizo mbili karibu hivyo. Kwa wengi wa kizazi kile, Otunga alikuwa uthibitisho kwamba mlango umefunguka. Naye angeweza kuupita mlango ule kwa mbwembwe, na nani angemlaumu? Watu wake walikuwa na njaa ya kumwona mmoja wao ameketi kwenye kiti kile kirefu.

Yaliyofuata yapo katika vitabu na sitayarefusha: jimbo la Kisii mwaka 1960, vikao vya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kisha Nairobi, ambako alirithi kiti cha Askofu Mkuu John Joseph McCarthy mwaka 1971. Mwaka 1973 Papa Paulo VI alimfanya kardinali, wa kwanza Kenya. Tanzania ilikuwa imetangulia na Laurean Rugambwa mwaka 1960. Mwaka 1978 alipiga kura mara mbili ya kumchagua Papa, Agosti na tena Oktoba. Mwaka 1985 jiji lake lilipokea Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, na Papa Yohane Paulo II akaja. Kwa vipimo vya kawaida, hayo ndiyo maisha ya mkuu wa kanisa.

Ila Nairobi aliyokabidhiwa haikuwa ya makongamano tu. Mitaa ya mabanda ilikuwa inafura: Mathare, Kibera, Korogocho, Mukuru. Katika miaka hiyo hiyo ya sabini, maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi chini ya shirikisho lao, AMECEA, mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kwa aliyekulia ndani yake, jumuiya ni kitu cha kawaida mno kiasi kwamba haioni. Majirani wanakutana kwenye chumba kimoja cha mabati, wanasoma Injili, wanaulizana nani anaumwa, mtoto wa nani amefukuzwa shule kwa karo, kisha bakuli linapita. Sarafu za bakuli lile hazijengi hospitali. Zinanunua panadol na nauli ya kwenda hospitali ya Kenyatta. Lakini ukitaka kujua ni nani katika jiji lile alijua kwamba mama fulani hajala tangu juzi, jibu halikuwa ofisi ya jiji, wala ofisi ya askofu. Lilikuwa lile bakuli.

Walikuwapo pia waliokwenda mbali zaidi. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwafuata watoto wa mitaani na kuwaanzishia Undugu Society. Padre Alex Zanotelli, Mkomboni kutoka Italia, alihamia Korogocho na kuishi humo kwa miaka mingi, kwenye banda kama mabanda ya wengine, karibu na jalala la Dandora. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuti na daktari, alifungua Nyumbani mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wenye virusi vya Ukimwi ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Hawa wote walifanya kazi ndani ya jimbo kuu la Nairobi, chini ya askofu mkuu mmoja. Sifa ya askofu mara nyingi ni kutowazuia watu wa namna hiyo. Ni sifa isiyoandikwa kwenye jiwe la msingi, na wapo maaskofu wengi walioikosa.

Aprili 1997 Otunga alistaafu, na kiti kikachukuliwa na Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Hapa ndipo hadithi inaponivutia, maana hapa ndipo nyingi za wakubwa huishia. Kardinali aliyestaafu ana haki ya nyumba. Anajengewa penye utulivu, na jikoni mna masista wawili, langoni askari, uani dereva. Hakuna anayelalamika, na pengine ni haki yake. Otunga alihamia Kasarani, katika Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Ni nyumba ya wazee maskini, wale ambao hawana mtu, au wana watu wasioweza kuwatunza. Alikaa huko miaka yake ya mwisho.

Msomaji wa Ulaya hataona ajabu yoyote katika hilo. Kwao mzee kwenda kwenye nyumba ya wazee ni jambo la kila siku. Kwetu ni aibu. Mzee hupelekwa huko akiwa ametupwa. Mtaani ukisikia kwamba baba wa fulani yuko kwenye nyumba ya wazee, huulizi anaendeleaje. Unauliza watoto wake ni watu gani. Heshima yote ya uzee wa Kiafrika iko katika boma: kiti chako chini ya mti, wajukuu wanaotumwa kukuletea kiko, vijana wanaokuja kukuuliza mpaka wa shamba ulipita wapi. Kwa Wabukusu, mzee mwenye sifa akifa huja mnenaji, akasimama mbele ya umati na kuusimulia ukoo habari za wahenga kwa saa nyingi, na si kila marehemu anayestahili hilo. Mtoto wa Sudi Namachanja angeweza kuyapata yote hayo. Na kama si hayo, basi heshima nyingine, ile ya kanisa. Akaziacha zote mbili na kuingia mahali ambapo jamii yake inapahesabu kuwa mwisho wa mtu asiye na watu.

Nyumba yenyewe ina asili inayofaa kusimuliwa. Mwanamke aliyeianzisha kazi hiyo, Jeanne Jugan, alikuwa mtumishi wa ndani katika pwani ya Bretagne, Ufaransa, binti wa mvuvi aliyepotelea baharini. Majira ya baridi ya mwaka 1839 alimbeba kikongwe kipofu, Anne Chauvin, akampandisha ngazi hadi chumbani kwake na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Yeye akahamia darini. Kwanza akawa huyo mmoja, kisha wengine. Hakuwa na fedha, kwa hiyo akachukua kikapu na kuombaomba nyumba kwa nyumba, mahali pa wazee wale ambao hapo awali waliomba wenyewe barabarani. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo. Lakini padre aliyejifanya mwanzilishi wa shirika, Auguste Le Pailleur, alikuwa amekwisha kumwondoa katika uongozi, na kuanzia mwaka 1852 akafungiwa kwenye nyumba kuu, bila cheo, akiishi miongoni mwa wanovisi ambao wengi hawakujua kwamba kikongwe yule wanayemwona kwenye ukumbi wa chakula ndiye aliyeanza yote. Alifariki mwaka 1879. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Masista wake wana nadhiri ya nne, zaidi ya zile tatu za kawaida: nadhiri ya ukarimu kwa wazee maskini. Hawana mtaji unaozaa. Mwaka 1865 shirika liliamua kutopokea mapato ya kudumu, na Jeanne Jugan, ingawa alikuwa amewekwa pembeni, aliitwa kutoa maoni yake na akaunga mkono. Kwa hiyo hadi leo wanaomba. Wanatoka wawili wawili kwenda sokoni, kwenye maduka na viwandani, wanaomba viazi, sabuni, unga, na wanachopewa ndicho wazee wanachokula. Wana desturi inayowachekesha Waprotestanti: kikikosekana kitu, huweka mfano wake mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Vikikosekana viazi, kiazi kimoja kinawekwa miguuni pake ili asisahau. Mimi si mtu wa sanamu, lakini nina heshima kwa imani inayothubutu kuweka kiazi mezani kama ankara.

Kwa hiyo kardinali aliyewahi kuingia chumba cha kumchagua Papa alimalizia maisha yake akila chakula cha kuombwa. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na kila ninapojaribu kulizungukia narudi pale pale. Kuhudumia maskini tunakujua. Tunakujua hata tunapokufanya vibaya: kiongozi anafika na lori la unga, anapiga picha akimkabidhi bibi kikongwe mfuko, bibi anashukuru, lori linaondoka. Katika huduma ya namna hiyo mkono wa juu unabaki juu. Hata huduma ya kweli, ya mtu anayekuja kila siku na kuosha vidonda, ina mlango ambao mhudumu anautumia jioni kwenda kwake. Alichofanya Otunga Kasarani hakikuwa huduma kwa maana hiyo. Alikuja kuhudumiwa. Aliingia kwenye foleni akiwa mzee mmoja miongoni mwa wazee, mwenye magonjwa yake, anayehitaji kushikwa mkono ngazini. Aliwapa wazee wa nyumba ile kitu ambacho hakiwezi kubebwa na lori: hawakuweza tena kusema kwamba mahali pale ni pa waliotupwa, maana Mwadhama yupo chumba cha jirani.

Najua kuna atakayesema kwamba kardinali hawi maskini hata akijaribu. Kwamba alikuwa na madaktari, na alipozidiwa alifia hospitali ya Mater wala si kwenye korido ya hospitali ya umma. Kwamba umaskini wa kuchagua si umaskini. Ni kweli. Maskini wa kweli hana pa kustaafu kutoka kwenye umaskini wake. Lakini pingamizi hili likikazwa sana linawapa ruhusa wakubwa wote kubaki walipo, na nimeona linapendwa zaidi na watu wenye nyumba kubwa.

Tuje kwetu sisi tunaoheshimu. Nimehudhuria jubilei za mapadre na maaskofu, na nadhani msomaji naye amehudhuria. Maandalizi huanza na kadi za mchango zinazopita kwenye jumuiya, kila familia ikiandikiwa kiwango. Siku yenyewe kuna hema mbili: moja yenye viti vya plastiki, nyingine yenye sofa zilizovikwa vitambaa vyeupe. Baada ya Misa kunaanza zawadi, na zawadi huchukua muda kuliko Misa. Akina mama wanakuja wakicheza na ng'ombe aliyefungwa utepe. Parokia inaleta friji. Mwishoni mfanyabiashara mmoja, au mbunge, anapewa kipaza sauti na kutoa ufunguo wa gari, vigelegele vinapasua hema. Sina ubaya na furaha hiyo. Watu wetu hutoa kwa kupenda, na padre aliyezunguka vijijini kwa pikipiki miaka ishirini hakuiba lile gari. Ninachouliza ni kwa nini hatuna namna nyingine. Kwa nini shukrani yetu kwa mtu wa maskini lazima imwondoe karibu na maskini, hatua moja kwa kila zawadi?

Novemba 2024 jambo hili lilijitokeza hadharani. Rais William Ruto alihudhuria Misa katika parokia ya Soweto, Nairobi, akatoa fedha taslimu: shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto, na milioni 2 za kujengea nyumba ya padre. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliamuru zirudishwe. Wengi walilisoma tukio lile kama siasa, na siasa ilikuwamo. Mimi niliishia kwenye ile nyumba ya padre. Hakuna aliyeshangaa kwamba katika mtaa kama Soweto, kitu cha kwanza kinachoonekana kinastahili milioni mbili za mkuu wa nchi ni makao ya kasisi. Hata aliyezirudisha hakulizungumzia hilo. Tumekwisha kuzoea kwamba heshima kwa kanisa ni heshima kwa nyumba ya anayeliongoza.

Novemba 16, 1965, Mtaguso ukielekea ukingoni, maaskofu wapatao 40 walikutana katika makaburi ya chini ya ardhi ya Domitilla, Roma, wakatia saini ahadi: kuishi kama watu wa kawaida wanavyoishi, kwa makao, chakula na usafiri, kutokuwa na akaunti za benki kwa majina yao, kukataa majina ya ukuu. Hélder Câmara wa Brazili ndiye anayekumbukwa zaidi kuhusishwa na ahadi ile, na huko Recife aliihama ikulu ya askofu akakaa kwenye chumba nyuma ya kanisa dogo. Ni waraka mzuri. Otunga hana waraka. Miaka 32 baada ya ahadi ile alifungasha vitu vyake na kuelekea Kasarani, na hakuna sherehe ya saini iliyofanyika.

Lakini nimemtaja Câmara, na nikimtaja siwezi kuruka tofauti iliyopo. Câmara alisema. Alisema hadi watawala wa kijeshi wa Brazili wakapiga marufuku jina lake kwenye magazeti. Mwaka 1969 padre kijana aliyefanya naye kazi, Antônio Henrique Pereira Neto, aliuawa. Kenya nayo ilikuwa na wasemaji wake katika miaka ya Rais Moi: Askofu Henry Okullu wa Kianglikana, Alexander Muge aliyekufa kwenye ajali ya barabarani Agosti 1990 baada ya kutishwa na waziri, David Gitari aliyevamiwa nyumbani kwake, Kasisi Timothy Njoya wa Presbiteri. Upande wa Wakatoliki, Ndingi Mwana a'Nzeki, akiwa askofu wa Nakuru, alipaza sauti kuhusu mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa. Otunga hayumo kwenye orodha hiyo. Maaskofu Wakatoliki walipoandika kwa pamoja kupinga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni hadharani, mwaka 1986, na walipoikabili serikali kuhusu mapigano mwaka 1992, alikuwa mmoja wao. Peke yake hakuwa mtu wa kunguruma. Mei 1990 askari wa jiji walipobomoa mabanda ya Muoroto na watu wakapigwa mchana kweupe, sauti iliyohitajika ilikuwa ya askofu mkuu wa jiji lile, na wanaoikumbuka miaka ile hawamtaji yeye.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kila mtu na kipaji chake. Utetezi huo haunitoshi. Maskini aliyebomolewa banda lake anahitaji bakuli la jumuiya, ndiyo, lakini anahitaji pia mtu ambaye serikali itamwogopa, na kardinali ni mmoja wa watu wachache nchini wasioweza kupotea usiku bila dunia kuuliza. Ukimya wa mtu wa namna hiyo una bei, na wanaoilipa si wenziwe.

Kuna jambo jingine, na ni zito zaidi. Mwaka 1996 Otunga aliongoza, pamoja na viongozi wa Kiislamu, kuchomwa moto kwa kondomu na vijitabu vya elimu ya ngono jijini Nairobi. Aliamini anawalinda vijana. Aliitii Roma kama alivyoitii maisha yake yote, na utii ule ule uliomfanya asitake makuu ndio uliomfanya asitikisike hapo. Lakini Ukimwi wakati ule ulikuwa unazika watu kila Jumamosi katika mitaa ile ile niliyoitaja, na serikali ingengoja hadi 1999 kuutangaza kuwa janga la kitaifa. Wakati moshi ule ukipanda, kule Nyumbani Padre D'Agostino alikuwa na watoto waliozaliwa na virusi. Kuandika heshima kwa mtumishi wa maskini na kuuficha moto ule ni kuwaambia maskini kwamba vifo vyao ni pambizo katika wasifu wa mkubwa. Nadhani alikosea, tena nadhani alikosea kwa kuwapenda. Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili.

Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, na kesi ya kumtangaza mtakatifu imefunguliwa. Kesi hizi zina utaratibu wake: mashahidi wanaapishwa, maandishi yanakusanywa, kuna ofisa mwenye kazi ya kuhakikisha kwamba ya upande wa pili yanasikilizwa, na hatimaye muujiza unatafutwa. Ni kazi ya miaka, na ina gharama, kwa hiyo kadi za mchango hazitakosekana. Sina neno. Wakenya wamekwisha kuona jambo hilo likifika mwisho mwema: Mei 2015, Nyeri ilifurika watu walipokuja kumtangaza mwenye heri Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, yule wa shirika la Konsolata aliyekufa mwaka 1930 kwa tauni aliyoipata akimuuguza mgonjwa.

Ombi langu ni la namna ya kuuliza. Mapadre watakuja kutoa ushahidi juu ya ibada yake, maaskofu juu ya busara yake, wanasiasa wastaafu juu ya jinsi alivyowaombea. Wote hao wanajua kuongea mbele ya kipaza sauti. Waliokula naye miaka sita ya Kasarani walikuwa wazee, na bila shaka wengi walikwisha kufa kabla karani hajafungua daftari. Maskini hawaachi kumbukumbu zilizochapwa. Waliobaki ni masista waliozunguka kuomba viazi, wafanyakazi waliofua mashuka, na pengine mzee mmoja au wawili waliokuwa bado na nguvu wakati ule. Kama ningepewa kazi ya kuuliza, ningeanzia jikoni. Ningemtafuta aliyekuwa akipakua chakula, nimwulize kama sahani ya Mwadhama ilikuwa na nyama kubwa kuliko za wengine, na kama ilikuwa nayo, aliifanya nini.